Kabla Hujamwita Ruby: Mwongozo kwa Mzazi wa Eldoret Asiye na Habari

Mtoto msichana amezaliwa salama. Mama yake amelala, wewe uko kwenye benchi la nje pale Riley, ndani ya Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, simu mkononi. Katika malezi yote hakuna saa ya hatari kuliko hii. Karani anataka jina. Kogo, yaani nyanya wa mtoto, yuko kwenye matatu kutoka Turbo na analo lake moyoni. Nawe, kwa kukosa la kufanya, umeiuliza simu majina mazuri ya wasichana, nayo imekupa Ruby. Imekwambia maana yake ni upendo, ujasiri na utajiri. Moyo umeruka. Usiandike bado.

Ruby maana yake ni nyekundu, basi. Limetokana na neno la Kilatini la rangi hiyo, likapitia Ufaransa, likaingia Uingereza kama jina la jiwe. Mwishoni mwa karne ya 19, Waingereza na Wamarekani waliposhikwa na homa ya kuwapa mabinti majina ya maua na vito, wakaliokota pamoja na Pearl, Opal na Beryl. Upendo na ujasiri viliongezwa na wauza pete. Kwa hiyo ukisisitiza maana, ujue unamwita mwanao Mwekundu, na huku Uasin Gishu jina la namna hiyo wamelizoea ng'ombe.

Jiwe lenyewe nalo lina ukoo ambao wauza pete hawautangazi. Wataalamu wa madini huliita korandamu, nalo ni alumini iliyoungana na oksijeni. Ndiyo, alumini ile ile ya sufuria unayosongea ugali. Chembe kidogo za kromiamu zikiingia wakati jiwe linajijenga ardhini, linakuwa jekundu, linaitwa ruby, na bei inapanda hadi watu wanauana. Zikiingia chembe za chuma na titani, linakuwa la samawati, linaitwa safaya. Zisipoingia za kulipendezesha, ni jiwe gumu la kusagia tu, na unga wake hubandikwa kwenye karatasi ya msasa. Yule fundi wa Langas anayelainisha miguu ya kitanda huenda saa hii anakisugua kwa ndugu yake Ruby. Usimwambie mama mtoto haya akiwa bado wodini.

Waliopata mapacha wana nafuu. Wakiitwa Ruby na Sapphire, kwa kweli ni mapacha: madini yale yale, wametofautiana vazi. Waswahili wa pwani walilijua hilo zamani, ndiyo maana wote wawili waliwaita yakuti, kisha wakabagua kwa rangi. Lakini kabla hujamkabidhi pacha wa pili jina lake, fungua Matendo ya Mitume sura ya 5. Pana mwanamke pale anaitwa Safira, jina ambalo huhusishwa na jiwe hilo hilo. Yeye na mumewe Anania waliuza kiwanja, wakaficha sehemu ya pesa, wakaja mbele ya Petro wakasema hiyo ndiyo bei yote. Mume akaanguka akafa. Saa tatu baadaye mke akaja, akarudia uongo ule ule, naye akaanguka akafa. Katika mji wowote mwingine hii ni hadithi ya Jumapili. Eldoret, ambako ploti moja ya Kapsoya inaweza kuuzwa kwa watu watatu kabla ya saa sita mchana, ni habari za wiki. Kama kazi yako ni udalali wa ardhi, nakuomba kwa heshima utafute jina lingine.

Mchungaji atakuja kumwombea mtoto. Akisikia Ruby atafurahi sana, na atakwenda moja kwa moja Mithali sura ya 31, kwenye mke mwema ambaye thamani yake inapita ya vito. Hapo yanamngoja matatizo mawili. Biblia ya zamani ya Kiingereza ndiyo iliyoandika ruby. Ile ya Kiswahili ya Union Version, aliyoishika mkononi, inasema marijani, kito kinachojengwa na wanyama wadogo wa baharini. Tatizo la pili hulisikia wanawake tu, waliokaa nyuma kanisani: sifa yote ya yule mke ni kwamba anaipita ruby. Wewe umemwita binti yako kwa kile kitu alichotakiwa kukipita.

Simu itakwambia pia kwamba ruby ni jiwe la waliozaliwa Julai, utadhani ni neno la manabii. Orodha hiyo ya mawe ya miezi, kama inavyotumika leo kwa sehemu kubwa, ilipangwa mwaka 1912 na chama cha wauza vito wa Marekani, waliokutana huko Kansas wakiwa na mali ya kuuza. Mwaka huo huo, huku juu, kituo cha posta kilichojulikana kwa nambari ya shamba, 64, kilipewa jina la Eldoret. Wazee wengine bado wanaita mji huu Sisibo, yaani sixty-four, na hata tulipopewa hadhi ya jiji Agosti 2024 hawakubadilika. Hapa Julai haina jiwe. Ina mvua, matope ya Kimumu, mahindi yaliyofika kifuani, na baridi inayomfanya mwenye boda boda avae makoti mawili. Mtoto wa mvua ni Jerop. Ukitaka kuhakikisha maana ya jina hilo, chungulia dirishani.

Na hapa ndipo mzazi asiye na habari hujikwaa zaidi. Anadhani anachagua kati ya Ruby na Jerop. La hasha, atapewa yote mawili, na lile la saa na hali ya hewa ndilo litakalofanya kazi. Ruby limependwa. Mtoto atakapofika chekechea atawakuta wengine wenye jina hilo wanamngoja kwenye sakafu ya saruji, na mwalimu, ambaye hana muda, atawatenganisha kwa njia ya zamani: Ruby Jerop wa mvua, Ruby Jebet wa mchana, Ruby Jelagat wa machweo, Ruby Jeptoo aliyezaliwa wageni wakiwa nyumbani. Wiki ya pili Ruby litadondoka lenyewe kwa kuwa halisaidii. Litabaki kwa mama. Yeye ndiye atakayeitwa Mama Ruby kwenye chama, kwa wakala wa M-Pesa na sokoni, mpaka uzeeni, na nimewaona kina mama ambao nyuso zao hubadilika wakiitwa hivyo. Ukichunguza sana utakuta jina la kito mara nyingi mama amejinunulia mwenyewe, na baada ya kazi aliyoifanya humo ndani sioni wa kumlaumu.

Kuhusu matamshi, Ruby lina bahati. Kikalenjini hakina ugomvi na b iliyo katikati ya neno, kwa hiyo kogo atalitamka vizuri tu. Mwanzoni mwa neno ndiko kwenye vurugu, na hapo namkumbuka Beryl.

Beryl ni jina la kito ambalo Wakenya wengi wanalibeba bila kujua kwamba ni kito. Ukienda Chuo Kikuu cha Moi leo ukaita Beryl kwenye foleni ya chakula, hutakosa kichwa kitakachogeuka, na pengine kitakuwa cha msichana aliyetoka upande wa Kisumu. Uingereza lilikotoka, Beryl ni jina la bibi mwenye fimbo na paka. Sisi tumelitunza likiwa kijana. Beryl anayejulikana zaidi katika historia ya nchi hii ni Beryl Markham. Alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa akiwa mdogo hadi shamba la baba yake Njoro, akakua, kama anavyosimulia katika kitabu chake cha mwaka 1942, akiwinda na vijana wa Kinandi kwa mkuki. Alifunza farasi wa mashindano, akajifunza kuendesha ndege, na Septemba 1936 akavuka Atlantiki peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, kuelekea magharibi, upepo ukimpinga usoni. Mafuta yakagoma kufika kwenye injini, pua ya ndege ikazama kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Kanada, naye akatoka damu ikimchuruzika usoni. Kama unataka jina la kito lenye habari ndani yake, hilo hapo. Nalo jiwe la berili si la kudharauliwa: zumaridi ni berili ya kijani. Yule jirani yako wa Elgon View aliyemwita mwanawe Emerald akidhani amewaacha kina Beryl mbali, amerudi palepale kwa mlango wa nyuma.

Ila mpeleke Beryl kwa kogo. B ya mwanzo itageuka p, na mtoto ataitwa Peril. Kwa Kiingereza hiyo ni hatari. Mtoto mwenyewe atacheka. Mwalimu wa Kiingereza hatacheka, ataandika ubaoni.

Sasa Pearl. Hili ndilo linalonisumbua kuliko yote, kwa sababu watu wanalileta nyumbani kama kitu kipya na kumbe liko jikoni linakuna nazi au linapepeta mtama. Margaret ni lulu. Wagiriki waliita lulu margarites, Warumi wakalichukua, watakatifu wakalibeba, wamishonari wakalishusha kwenye maji ya ubatizo hadi Kapsabet na kwingineko. Kenya hii imejaa lulu: Margaret Kenyatta aliyekuwa meya wa Nairobi miaka ya 1970, Margaret Kenyatta mwingine aliyekuwa mke wa rais kuanzia 2013, na Margaret Okayo aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 2001 na tena 2003, akaishinda Boston katikati ya hiyo. Na yuko Magreti wako mwenyewe, mama wa baba yako, mwenye leso mbili na redio moja. Unapomwambia kwa madaha kwamba mjukuu anaitwa Pearl, naye akanuna kwa kuwa hakupewa jina lake, mnagombana juu ya kitu ambacho tayari mmekubaliana. Mweleze. Mweleze polepole, uso kwa uso, si kwa simu.

Pearl si jiwe, hilo nalo lijulikane. Ni uchafu ulioingia ndani ya chaza, chaza akaufunika kwa utando juu ya utando mpaka ukang'aa. Kwa tabia ya mtoto wa kwanza ni maelezo mazuri. Lakini lina adha zake za Biblia, maana lulu imetajwa pamoja na nguruwe, na kila kijana atakayekuja kumposa Pearl atapimwa kwa aya hiyo. Hebu tufike mbele miaka ishirini na tano, siku ya koito, yaani ya posa. Wageni wameketi upande wao wa sebule, maziwa ya mursik yamepita, na mazungumzo ya ng'ombe yamefika pale yanapofika.

“Nyinyi mlisikia huyu mtoto anaitwa nani?” senge, yaani shangazi yake Pearl, anauliza, kana kwamba hajui.

“Pearl, shangazi.”

“Na lulu mnaijua bei yake?”

Msemaji wa wageni amevuliwa kofia lakini si akili. “Shangazi, tuliiona mjini jana. Mkufu mzima na hereni zake, shilingi mia tatu.”

Wazee wanacheka hadi machozi, na ng'ombe wanabaki idadi ile ile. Jina la kito halijawahi kuongeza hata mbuzi. Linachoongeza ni nafasi ya kufanyiwa mzaha, na wageni watakuja wakiwa wamejiandaa.

Kwa waliosikia haya na bado hawajatulia, mengine nayapitia haraka. Jade limetokana na Kihispania, jiwe la kiuno, kwa kuwa lilidhaniwa kutibu figo. Ukishajua hilo ni vigumu kulisahau kwenye sherehe ya ubatizo. Amber ni utomvu wa mti uliokauka, na una umri wa mamilioni ya miaka. Crystal kwa Kigiriki ni barafu, linawafaa wanaozaliwa Kaptagat alfajiri. Amethyst maana yake ni asiyelewa, na kama ukoo wako una wajomba wale, liandike leo leo. Opal lilikuwa na heshima hadi Walter Scott alipochapisha riwaya mwaka 1829 yenye opali na msiba ndani yake, na wasomaji wakaamua jiwe lina mkosi. Diamond limeshachukuliwa na mwanamuziki wa Tandale na benki moja, hakuna nafasi.

Kuna anayesema: mimi nataka tu kitu halisi, ruby ya kweli. Huyu namhurumia. Tangu mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alipotangaza namna ya kuyeyusha unga na kuukuza kuwa ruby, kiwanda hutoa jiwe ambalo kwa kemia ni ruby kamili, na ndizo zilizojaa kwenye saa za mkono za baba zetu. Kwenye taji la wafalme wa Uingereza, lile jiwe jekundu la mbele linaloitwa ruby la Black Prince limeonekana kuwa spineli, jiwe lingine kabisa, na limevaliwa hivyo hivyo na hakuna aliyelivua. Kwa hiyo wa kiwandani anaweza kuwa wa kweli na wa kifalme akawa wa bandia. Mwanao hatakuwa na cheti cha sonara.

Cheti atakachokuwa nacho ni cha kuzaliwa, nacho kina maumivu yake. Andika jina kwa herufi kubwa, kwenye karatasi yako mwenyewe, mwonyeshe karani, kisha msimamie. Nimeona Rubby, Rubie, Roby, na Ruby aliyeandikwa mahali pa jina la baba. Kosa la siku hiyo litamfuata mtoto shuleni, kwenye mitihani, kwenye kitambulisho, na siku atakapotaka pasipoti ya kwenda kukimbia Ulaya ataambiwa cheti kinasema Rubby na shule inasema Ruby, yeye ni yupi? Kulibadilisha ukubwani kunataka wakili, hati ya kiapo na tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Jerop haliandikwi vibaya. Labda Cherop, ambalo ni sawa.

Kisha kuna jina ambalo halifiki kwa karani hata kidogo. Kogo ameshuka matatu, amenawa mikono, na kina mama wazee wa ukoo wamekusanyika. Hii ni kurenet. Watayataja majina ya waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, mpaka mtoto apige chafya. Zamani ugoro kidogo ulisaidia pale mababu walipokuwa wazito kuitika. Chafya ikitoka, aliyetajwa ndiye aliyerudi. Usiingilie. Usiseme “jaribuni Ruby,” maana katika orodha ile hakuna Ruby aliyekufa bado. Watakuwepo. Hawa wasichana wa chekechea ya leo watazeeka, watakuwa na leso mbili na redio moja, watazikwa kwa heshima, na siku moja vikongwe wa wakati huo watainama juu ya kitoto chekundu na kumwita Ruby kwa sauti ya kumrudisha kutoka kuzimu. Wazazi wake watakuwa wanatafuta jina la kisasa.

Anayetaka jiwe la nyumbani ana mahali pa kuanzia. Eldoret lenyewe limetokana na Kimaasai, eldore, mto wenye mawe, na mawe hayo yangali ndani ya Sosiani, bure kwa yeyote mwenye viatu vya mpira. Teremka ukingo wa bonde la Kerio hadi Kimwarer, utafika walikochimba floraspa kwa miongo mingi mpaka mgodi ukafungwa mwaka 2016. Jiwe hilo lina rangi za zambarau na kijani za kupendeza, ila ni laini: kwenye kipimo cha Mohs lina 4 tu, ruby ina 9. Floraspa Jeptoo. Hata halisikiki vibaya, ingawa kufikia darasa la pili atakuwa Flora, na watu watadhani umempa jina la shangazi yake. Mwenye kupenda fahari zaidi aende Tsavo, kwenye ganeti ya kijani ambayo kampuni ya Tiffany ya New York iliitangaza kwa jina la tsavorite mwaka 1974. Ni nzuri, ni adimu, na inatoka Kenya na Tanzania. Kabla hujaiandika, toka nje ya wodi, simama upande huu wa Barabara ya Uganda saa kumi na moja jioni matatu zikipiga honi, na umwite mtu aliye upande wa pili: “Tsavorite! Tsavorite, rudi huku, umesahau sweta!”